Picha ya Leodgar Kwenye Chumvi

Verediana wa Katubuka, hapa Kigoma, alikuwa mtu wa kuingiza mkono hadi chini ya gunia. Kazi yake ndiyo iliyomfundisha. Alinunua dagaa Kibirizi akawauza Mwandiga, na mvuvi akimwonyesha gunia hakuridhika kuliangalia juu tu. Mkono ulizama hadi kwapa, ukaibuka na mchanga, naye akamkazia macho mwenye gunia. Alimshuku kila mtu, na kinachoniudhi hadi leo ni kwamba karibu kila mara alikuwa sahihi.

Mimi ni Mwamvua, jirani yake. Asubuhi nilifundisha darasa la kwanza, jioni nikawafundisha watu wazima kusoma. Yeye alikataa kuja. "Nikijua kusoma nitaanza kuamini karatasi," alisema.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Leodgar. Baba wa mtoto, Feliksi, alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alijiandikisha uraia mara tulipopata Uhuru, akafariki Leodgar akiwa bado shuleni. Mwaka 1970 kijana akachaguliwa jeshini kusomea uofisa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Verediana akiimba huku anaanika dagaa.

Kisha ikaja barua. Leodgar na wenzake wanapelekwa nchi ya baridi, wakajifunze kupanda milima wakati wa theluji. Jina la nchi haruhusiwi kulitaja.

"Nchi gani hiyo isiyotajwa?" Verediana aliniuliza.

"Ni siri ya jeshi, Mama Leo."

"Siri," alisema, kama anayetema mwiba wa samaki.

Miezi minne kimya. Halafu tukapata bahasha yenye picha moja. Wanaume watano wamesimama safu moja juu ya ardhi nyeupe. Kamba imewafunga viunoni, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Macho yamefunikwa na kitu cheusi, na kila mmoja ameshika sururu. Nyuma Leodgar kaandika: "Sisi kwenye theluji. Mimi ni wa tatu. Nimeshazoea."

Nilimsomea. Hakunisikiliza.

"Mwamvua, mimi nimezaliwa Uvinza. Baba yangu alipika chumvi hadi akafa. Hii ni chumvi."

"Ni theluji, kama ile ya Kilimanjaro."

"Kilimanjaro ni mlima. Nionyeshe mlima hapa."

Sikuuona. Ardhi ile ilikuwa tambarare. Na sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa maana ya watu waliofungwa kamba moja. Bibi zetu waliiona misafara ya watumwa ikiingia Ujiji, watu wamefungwa hivyo hivyo, na walituhadithia tukiwa wadogo hadi tukaogopa kulala. Niliitazama tena ile safu, na macho yale yaliyofunikwa kama ya watu waliokatazwa kuona njia.

Tukamwita Mzee Nikodemu, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Siku zile redio haikuchoka kutuonya juu ya vibaraka na mamluki, na Nikodemu alizipokea habari hizo kana kwamba zimetumwa kwake peke yake. Aliigeuza picha mara tatu.

"Hawa wameuzwa," alisema. "Na haya maandishi kalazimishwa. Mtu aliye salama haandiki kwamba ameshazoea."

Nikodemu alikuwa hodari wa kukuza mambo, hilo nililijua vizuri. Lakini na mimi neno lile lilinikaa kichwani.

Alipoondoka, Verediana akanivuta jikoni. "Asiye raia hawamweki jeshini, au siyo?"

"Hawamweki."

"Basi waandikie wakubwa wake. Sema Leodgar kazaliwa ng'ambo kwa kina baba yake, nami nikamleta huku mgongoni, wala hakuandikishwa uraia. Watamrudisha."

"Huo ni uongo, Mama Leo. Na uofisa utampotea."

"Uofisa wa kuchimba chumvi? Andika, mwana wanje."

Hakuwahi kuniita mwanawe, tena kwa lugha ya kwao. Niliandika, tena kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Yeye akaweka dole gumba.

Miezi mitano baadaye Leodgar aliteremka stesheni ya Kigoma amevaa nguo za kiraia. Alifika nyumbani akatuamkia. Mama yake, kabla hajaitikia, aliuvuta mfuko wake, akazamisha mkono hadi chini. Ukaibuka na miwani myeusi, mipana, yenye ngozi pembeni. Akaivaa. Akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Kumbe mtu anaona," alisema polepole.

"Inazuia mwanga, mama. Theluji inaunguza macho."

"Na kamba?"

"Pale ni juu mlimani, na chini ya theluji kuna nyufa zisizoonekana. Mmoja akitumbukia, wenzake wanajitupa chini, wanamshika. Mimi nimeshashikwa mara mbili."

Leodgar akaketi kwenye kigoda, akaendelea kwa sauti ya chini. Aliitwa ofisini, akaonyeshwa barua, akaulizwa kama ni ya kweli.

"Nikasema ni kweli."

"Kwa nini?" mama yake alipaza sauti. "Si unajua nilikuzaa humu humu ndani?"

"Ningesema ni uongo, wangekuja kumkamata mwenye dole gumba." Kisha akanigeukia. "Na aliyeandika. Mwandiko ule naujua, mwalimu. Herufi L yenye mkia uliniandikia wewe ubaoni, nilipokuwa darasa la kwanza."

Sauti yake haikuwa na hasira, na ndiyo maana nilishindwa kumtazama. Niliona aibu ambayo haijanitoka. Nilijua kusoma, niliyasoma maneno yake mwenyewe nyuma ya ile picha, bado nikamwamini Nikodemu.

Leodgar aliinuka, akachukua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni, akaenda kuteka maji kama alivyozoea tangu utoto. Verediana hakuivua ile miwani. Alikaa nayo palepale sakafuni, mfuko wa mwanawe mapajani, na machozi yakimtoka chini ya vioo.