Mama na Maua ya Madam

Enzi tunakulia Al Mankhool, mtaa wa Dubai, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, mtoto akisema amechoka kukaa hakupewa simu, alipewa kazi. Kila Jumamosi nilifuatana na mama, mzaliwa wa Mombasa, kwenda Dubai Marina alikosafisha nyumba ya madam mmoja.

Madam huyo na wenzake walijifunza sebuleni kwake ikebana, sanaa ya Wajapani ya kupanga maua. Mwalimu wao, bibi mfupi wa Kijapani, alikuja na mkasi na ndoo ya maua. Wanafunzi sita, manukato ya kukohoza, saa nzima wanahangaika na tawi moja na ua moja! Kisha wanafumba macho, eti wanatafuta utulivu. Utulivu gani, na darasa likiisha wanagombania lifti?

Siku ya kuwaonyesha wageni kazi zao, mama alikuta chombo cha madam kina kijiti kilichopinda na ua moja tu. Akalihurumia. Kwao asumini hutungwa mpaka uzi ujae. Akachukua mawaridi yaliyobaki ndooni, akakijaza chombo pomoni kama kitanda cha bibi harusi.

Madam alipoona, alimfokea mbele ya wageni. "Huna akili wewe? Umeniharibia kazi yangu!"

Nilijibanza nyuma ya mlango. Mama akifukuzwa, basi ni kurudi Mombasa, na shule khalas.

Yule bibi alimwuliza mama taratibu, "Kwa nini umeyaongeza?"

"Nililiona pweke, mwalimu."

Bibi akaanza kuyatoa mawaridi, moja moja, akimwonyesha mama nafasi iliyobaki wazi. Halafu akamgeukia madam. "Huyu amelitazama ua. Wewe unawatazama wageni."

Madam aliona haya hata kumfukuza mama akashindwa. Wiki iliyofuata aliiacha ikebana, akahamia yoga.

Mama naye hakushawishika. Kwenye metro aliniambia, "Bibi wa watu ana adabu, mwanangu, lakini kile kijiti bado kina njaa."

Siku hizi wadogo zangu wananunua maua ya plastiki, wanayapiga picha kutwa, wanajiita wasanii. Yule madam wangemwita mwalimu! Picha wanamtumia mama, aliyekwisha kurudi Mombasa. Naye kila mara huwauliza swali lile lile: yananukiaje?