Fimbo Yenye Majani

Nilisukuma baiskeli kutoka Beni hadi Kisangani kwa njia ya msituni, nimepakia chumvi na sabuni za tajiri mmoja, nikilala popote nilipokaribishwa. Vita vilinikuta mjini, na njia ya kurudi ikafungwa. Mvuvi mmoja na mkewe, wakazi wa kwenye maporomoko ya mto kando ya mji, wakanipa mkeka, nami nikawaita papa na mama, kama wenyeji wawaitavyo wazazi.

Ukutani walikuwa na picha moja tu, nakala ya mchoro wa kale wa Ulaya, uliochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa kwenye karatasi. Jitu linavuka mto na Mtoto Yesu begani, mkononi fimbo ndefu yenye majani kileleni. Padri aliyempa mama picha hiyo alimwambia watu wa zamani waliamini kwamba anayeitazama asubuhi hafi kifo cha ghafla siku hiyo. Nimewawaza sana wale wachongaji. Sijui waliogopa nini: tauni, vita, au mto tu.

Kila asubuhi, kabla papa hajaenda kwenye mitego yake, mama alimsimamisha mbele ya picha. Papa alitazama, lakini kwa jicho la mtu anayesimika nguzo za mitego kwenye maji makali.

"Huyu mutu amekata mti jana," aliniambia. "Iko na majani bado, na mti mubichi inapinda. Maji itamubeba na mutoto yake."

"Angalia mutoto, acha miti," mama akasema.

"Mutoto iko muzuri. Shida iko mti."

Siku padri alipopita, alitueleza kuwa fimbo ile ilikuwa kavu. Ilichipua kwa sababu ya yule aliyebebwa. Papa aliisogelea picha, akaikagua fimbo.

"Bon," akasema mwishowe. "Basi haikukatwa jana."

Hakuitania tena.

Mizinga ilipotulia, nilimwomba papa anivushe hadi ukingo wa kushoto, nifuate reli kwenda kusini. Mama aliogopa risasi, lakini papa alikubali. Tuliondoka mbio mbio, naye akasahau kutazama picha.

Katikati ya mto niligeuka. Mama alikuwa ukingoni, ameinua karatasi juu ya kichwa, ameielekeza kwetu. Ilikuwa doa jeupe tu.

"Papa, mama anakuonyesha picha."

Aliacha kupiga kasia, akageuka.

"Ninaiona," akasema. "Mpaka majani."

Alinishusha, akarudi. Nimehama miji mingi tangu hapo, ila siku ile sikuwa na haraka. Nilisimama ng'ambo mpaka lile doa jeupe liliposhuka. Ndipo nikajua papa amefika, nikaishika njia ya reli.