Kikombe cha Mramba kwa Wakwe

Mimi ni mgonjwa wa sukari wa kuchoma insulini, na kujipima najipima mwenyewe nyumbani kwetu Ijuganyondo, kwa hiyo asinifundishe mtu. Lakini siku ile Muleba, kwa wakwe zangu, sikuelewa kitu.

Tulikwenda kwa harusi ya shemeji yangu. Mchana mimi na wifi tulikamua ndizi mbivu kwa mikono kwenye beseni, tukizisugua na nyasi mpaka mramba ukaanza kutoka. Mramba ni ile juisi yetu ya ndizi, tamu mpaka nyuki wanaifuata. Sikuionja. Nilijisifu kimoyomoyo, nikajifuta mikono kwenye khanga, nikaingia chumbani kujipima kabla ya kula.

Ishirini na mbili.

Asubuhi ilikuwa saba, kawaida yangu. Mume wangu aliichungulia mashine, akaniuliza nimekunywa vikombe vingapi. Nikamwambia hata tone. Akacheka kile kicheko chake cha mtu aliyekwisha hukumu, akasema mashine haina undugu na mtu. Nilikasirika, ila nikaanza kujishuku mwenyewe. Labda nililamba kidole bila kujua? Labda hata harufu inaingia mwilini? Upuuzi, lakini namba ilikuwa mbele yangu. Nikajichoma insulini ya kuishusha, nikala kidogo sana kwa hofu, nikarudi kwenye beseni.

Kazi ilipokuwa inaelekea kwisha, jasho baridi likanitoka. Midomo ikafa ganzi, sauti za watu zikawa mbali. Hali hiyo naifahamu, ni sukari kushuka. Wifi akanikalisha mkekani, akamwita kaka yake, mume wangu. Akaja na mashine, akanitoboa kidole kingine. Kumi na tisa.

Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Mwili unasema sukari imekwisha, mashine inasema imejaa. Mume wangu hakuwa na shaka yoyote. Alivuta dawa kwenye sindano, akaniambia kwa upole kwamba dozi ya kwanza haikutosha, na upole huo ndio ulionitisha zaidi. Kama nimekosea mimi, nikinywa kitu kitamu nitajizidishia ugonjwa. Kama amekosea yeye, sindano ile itaniua. Nilijaribu kufikiri, mawazo yakaniteleza.

"Nipe mramba," nikamwambia wifi.

Mama mkwe aliacha kuchambua maharage. Mume wangu akainama karibu na sikio langu.

"Mama watoto, mbele ya mama yangu?"

Niliona aibu, na niliogopa, maana hata mimi sikuwa na uhakika. Nikanywa kikombe kizima huku machozi yananitoka.

Baada ya muda jasho likakauka, ganzi ikaniachia. Mume wangu akaushika mkono wangu anitoboe tena, nijionee mwenyewe nilichofanya, na vidole vyake vikanata kwenye vyangu. Akavitazama. Akavinusa. Kisha akaagiza maji na sabuni, akaninawisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, mama yake akitazama. Akanikausha vizuri, akatoboa.

Nne. Na hapo mramba nilikuwa nimeshaunywa.

Kumbe muda wote mashine ilikuwa inapima utamu wa ndizi uliogandia vidoleni mwangu. Aliitazama ile namba, akatazama sindano iliyojaa dawa pale mkekani.

"Waitu, mke wangu, ningekuchoma," akasema.

Nilitaka kumtukana, nikataka pia kumhurumia, sikujua nianze na lipi. Nikamnyooshea kikombe ajaze tena. Akajaza, akanishikia mdomoni mpaka nikamaliza.