Mashua ya Pili

Nilikaa chumba kimoja na Dhansingh Barela miaka mitatu, katika mtaa ule wa Indore ambao karibu kila mpangaji anasomea mtihani wa utumishi wa umma. Alikuwa mtu wa vilima vya kando ya Mto Narmada, mpole, mchache wa maneno. Mimi kila somo lilinitoa jasho. Yeye alikuwa na somo lake, jamii ya India na mabadiliko yake: matabaka ya kuzaliwa, ndoa, watu wanaohama vijijini. Asubuhi tukienda kula poha, ule mchele bapa wa kukaangwa, wenzetu walimsimamisha njiani awafafanulie mambo ambayo mwalimu alikuwa ameyafundisha mara mbili.

Mwaka wa pili mwalimu wetu, Bwana Khandekar, alifundisha juu ya watu wanaohamishwa kupisha mabwawa. Alitupa mpangilio wa jibu: sababu, athari, nini kifanyike. Dhansingh akaandika kurasa mbili. Mwalimu alizisoma mbele ya darasa, akasema hivi ndivyo ofisa anavyoandika, bila kulia wala kufoka. Darasa zima likapiga makofi. Dhansingh hakuinua uso.

Siku ileile mchana, nikiwa nimejilaza, aliniuliza ni nani anasaga nafaka huko juu. Nikamwambia juu yetu hakuna mtu, kuna paa na tangi la maji. Hakubisha. Lakini tangu hapo, kila alipofungua daftari la somo lile alisikia mawe ya kusagia, jiwe juu ya jiwe, polepole. Akahamia maktaba, yakamfuata huko. Akaacha kula vizuri. Mimi sikusikia kitu, ila siku moja nikiwa peke yangu nilijikuta nimesimama katikati ya chumba nimetega sikio.

Mtihani ulipofika, mwaka wa tatu, swali la mabwawa lilikuwemo. Nililifurahia, nikakumbuka jibu lake na kuliandika kadiri nilivyoweza. Yeye aliutazama ukurasa nusu saa nzima, akaurudisha mtupu. Alianguka kwa kupungukiwa alama chache tu.

Siku ya matokeo ndipo aliponieleza. Kijiji chao, Amlipani, kilikuwa miongoni mwa vile vilivyomezwa na bwawa. Alikuwa na miaka tisa. Mvua zilizidi, maji yakaingia uani, zikaja mashua mbili kuchukua watu. Baba yake akamtuma akamwite bibi. Alimkuta ameketi mbele ya mawe yake, anasaga mahindi kama mtu anayetarajia mgeni wa mchana.

"Kamwambie baba yako nimepanda mashua ya pili," bibi akamwambia. "Nenda, mume wangu, wala usigeuke nyuma."

Akaenda, akasema kama alivyoagizwa. Baba akapiga makasia. Mashua ya pili ilipofika ng'ambo, bibi hakuwemo, na mkondo ulikuwa umekwisha kuwa mkali, hapana wa kurudi. Kesho yake lilionekana paa tu. Watu walisema labda aliteleza akipanda. Dhansingh alinyamaza siku hiyo, akanyamaza miaka kumi na sita.

"Mimi ndiye niliyemwacha," akaniambia. "Halafu nikamwandika vizuri, mpaka nikapigiwa makofi."

Nilimwambia akamweleze baba yake. Akaniomba nimsindikize. Tulifika mwezi wa Mei, jua kali, katika makazi mapya ambako nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Mzee Bhursingh alikuwa uani akikaza kamba za kitanda. Dhansingh alieleza yote akiwa wima, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Mzee hakuacha kazi yake mpaka maneno yalipokwisha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje, baba?"

"Ulikuwa hujui kusema uongo. Na mama yangu nilimfahamu. Mle mashuani mlikuwa na watoto kumi na mmoja, mwanangu. Ningerudi, tungezama sote. Basi nikaamua kukuamini."

Dhansingh akakaa chini palepale vumbini. Akauliza kwa nini hakumwambia miaka yote hiyo.

"Nikuambie nini? Kwamba nilikuachia wewe mzigo wangu?"

Nilidhani hapo angepata nafuu. Siku tatu nilizokaa kwao, baba na mwana walikula sahani moja bila kusemezana. Siku ya mwisho wakashuka hadi ukingoni mwa bwawa. Mzee akanyoosha kidole mahali ambapo mimi niliona maji tu, akaita, "Mama." Kisha wakasimama, wote wawili, kama watu wanaongoja kujibiwa. Walingoja sana. Niliona haya kuwatazama, nikaenda kukaa mbali.

Dhansingh hakurudi Indore. Alifanya mtihani mdogo wa jimbo, sasa ni karani wa daftari la ardhi wilayani kwao. Umri wa kujaribu tena anao, fomu hajajaza.

Mimi nilipita mwaka uliofuata, nikawa ofisa. Mwaka jana iliwekwa mezani kwangu orodha ya kaya zitakazohamishwa, bonde jingine, bwawa dogo tu, inasubiri saini. Nilimpigia simu. Nikamweleza.

"Usitume mtu," akasema. "Nenda mwenyewe, uingie kila nyumba."

Nilikwenda. Ilinichukua siku tisa. Katika nyumba moja nilimkuta kizee amefunga mlango kwa ndani, anasema anaumwa miguu, atafuata na wenzake. Niliketi kizingitini nikamwambia sitaondoka bila yeye. Alasiri alifungua. Tulitoka pamoja, ameshika mkono wangu, na njia nzima hakunitazama. Alifariki katika makazi mapya kabla mwezi haujaisha. Dhansingh sijamwambia.