Kisutu Kilichokwenda Mahafali

Bi Subira wa Kibiti hakumsamehe Hajira, na asikudanganye mtu kuwa alimsamehe. Miaka yote ile, kila akipita mbele ya ofisi ya chama chao, Marafiki wa Chuo, alikuwa anageuza uso upande wa pili wa barabara, anajifanya kutazama machungwa ya watu. Ukutani mle ndani ilitundikwa picha: Johari kavaa joho la mahafali, mabegani kafunikwa kisutu chekundu, na anayemfunika ni Hajira, meno yote nje. Kisutu cha nani? Cha Subira. Mwali wa nani? Wa Subira. Cha Hajira ni meno tu, na hata hayo mawili ya mbele kayanunua Dar.

Sasa, asiyejua habari ya somo hawezi kujua uchungu wa Subira. Msichana akivunja ungo, kuna mwanamke mmoja anapewa: ndiye somo yake. Anakaa naye ndani, anamfunda, na siku ya kumtoa nje anamfunika kanga ya kisutu kichwani hadi miguuni. Mwali hasemi neno, hata umtekenye, mpaka somo yake amfunue mbele ya watu. Mtu mwingine akimfunua, basi kamvua nguo yule somo, kamwacha uchi hadharani. Subira alikuwa somo wa Johari tangu kule deltani, kwenye mikoko, walikokaa kabla ya kuhamia Kibiti.

Na huko deltani ndiko Marafiki wa Chuo walikozaliwa, ingawa Hajira huwaambia wageni kuwa ni sebuleni kwake. Marehemu Kibwana, mume wa Subira, alikuwa bado anakata boriti za mikoko. Ikaja boti ya wanafunzi wa chuo kikuu na mwalimu wao Abdulrazaq, wanataka kuisoma mikoko. Kibwana akacheka akasema, "Kwani imeandikwa nini?" Na viatu wamevaa vyeupe! Viatu vyeupe kwenye lile tope! Jioni wakarudi pekupeku, tope mpaka kiunoni, binti mmoja analia mbu wamemmaliza. Subira akawachemshia maji ya kuoga, akawapikia wali wa nazi na kaa, akawatandikia mikeka. Walikaa mpaka wakajua kupalia makaa juu ya wali, mpaka wakajua matusi ya Kindengereko, maana ndiyo waliyoyapenda kuliko masomo.

Siku ya kuondoka walilia. Kinamama nao walilia, wakasimama majini wamekunja kanga mapajani wanapunga mikono. Subira mpaka leo akisikia harufu ya nazi inayoungulia sufuriani humkumbuka yule binti wa mbu. Ndipo kinamama wakasema: watoto wao wamekula kwetu, na wetu wakale kwao. Kila mavuno mtu alitoa mpunga, wakasuka mikeka, wakapika kwenye shughuli za watu, wakamsomesha mtoto ambaye kwao hawawezi. Walipohamia Kibiti wakakiendeleza chama. Wa kwanza kupelekwa chuo alikuwa Johari, binti wa jirani yake Subira, mzee Tamimu mvuvi. Kinamama walikuwa wanatwanga huku wanaimba jina lake, michi inapishana kinuni. Nyimbo zile siku hizi hakuna. Siku hizi ni spika na kelele.

Johari alipomaliza, Subira alinunua kisutu kipya, amfunike mwali wake na kumfunua mbele ya watu siku ya mahafali, kama alivyomtoa kule deltani. Asubuhi ya safari ya Dar akatangulia kufika barabarani, kaoga, kajifukiza udi. Hajira, mwenyekiti, kasimama mlangoni mwa basi kama konda.

"Bi Subira, wewe baki."

"Nibaki wapi?"

"Kule wanazungumza Kizungu, dada yangu. Hujui kusoma, utakaa kama gogo, utatuaibisha. Nipe hicho kisutu, nitamfunika mimi."

"Mwali wangu umfunike wewe? Ulimfunda wewe?"

"Ah, hayo mambo ya deltani yaacheni deltani," Hajira akasema, na kisutu keshakichomoa kwapani mwa mwenzie. Mlango ukafungwa. Subira akabaki barabarani na udi wake, wauza machungwa wanamtazama.

Kisutu kikaenda mahafali, mwenyewe akabaki.

Kilichomuuma zaidi si Hajira. Ni Johari. Mtoto yule alimwona Hajira anakuja na kisutu, akanyamaza, akapiga na picha! Basi kanionea haya, Subira akasema moyoni. Kazi ikampeleka Johari Mwanza. Akipiga simu, Subira anaitazama inavyolia mpaka inanyamaza. Jirani akipokea kwa niaba yake, anamwambia, "Mwambie nimekufa." Na kila Ramadhani alikuwa anamtengea tende zake pembeni, kisha anazila mwenyewe kwa hasira.

Mpaka ikaja siku ile ya juzijuzi. Marafiki wa Chuo walimwita Johari awe mgeni rasmi, maana sasa anafundisha chuo kilekile. Subira hakwenda. Alikaa uani kwake anapepeta mchele, na ukumbi uko karibu, spika inapiga kelele mpaka kuku hawatulii. Akamsikia katibu, Nassibu: "Sasa tunamkaribisha mgeni wetu rasmi, Daktari Johari!" Makofi. Halafu kimya. "Mheshimiwa... karibu kwenye kipaza sauti." Kimya. Halafu kikaja kitu Subira hajakisikia miaka mingi: vigelegele vya kinamama wazima, vya unyagoni. Ungo ukamsimama mkononi.

Haukupita muda, sauti mlangoni.

"Hodi."

Subira akaanza tena kupepeta.

"Hodi wenyewe!"

"Wenyewe wamekwenda mahafali."

Hajira akaingia hivyohivyo, jasho linamchuruzika kwenye wanja. "Bi Subira, twende. Mwali wako kakaa chini mkekani, kajifunika gubigubi. Kisutu kilekile! Hasemi neno."

"Mfunue. Mikono unayo, na kazi unaijua."

"Nimejaribu! Kakishika kwa ndani. Watu wote wananicheka, wanauliza somo yake nani. Wageni wa chuo wanauliza kama mgonjwa."

"Kwani siku ile ulimwambia niko wapi?"

Hajira akatazama kuku. "Nilimwambia... unaumwa mguu. Umekataa safari, ukasema nimfunike mimi."

Mchele ukamwagika. Subira hakuutazama. Simu zote zile alikuwa anazipiga mtoto asiyejua kosa lake.

"Mguu gani?"

"Ati?"

"Nakuuliza, ulisema mguu gani?"

"Wa... wa kushoto."

"Basi bado unauma," Subira akasema, akaweka ungo chini. "Nishike."

Basi Hajira akamshika. Na Subira akachechemea, mguu wa kushoto anauburuta, mwili wote kamwegemea mwenyekiti, taratibu kama mwenye siku nzima. Kila aliyewauliza njiani, Subira alimwambia, "Mguu, mwanangu. Mwulize Hajira ulianza lini." Wakapita kwa wauza machungwa walewale. Hajira anahema kama mtwangaji.

Mlangoni pa ukumbi Subira akamwachia, akanyoosha mgongo, akatembea miguu miwili mizima mpaka katikati. Kwenye mkeka kulikuwa na furushi jekundu, kimya. Akaliinamia.

"Mwali wangu."

Furushi likatikisika.

"Mimi somo yako. Sikukataa safari. Niliachwa barabarani."

Akashika pindo akafunua. Johari kawa mtu mzima, mvi mbili tatu, lakini macho yalikuwa yaleyale ya mtoto wa deltani, yamelowa.

"Sikukifua, somo," akasema. "Tangu siku ile sijakivaa. Nilijua hakijafunuliwa."

Kisutu kilikuwa bado kinanuka udi. Vigelegele vikapanda mpaka ile spika ikasikika kama inzi. Kinamama wa zamani wakakumbuka wimbo wa kinuni, sauti zimechakaa, wamesahau nusu yake, wakauimba hiyo nusu tena na tena.

Nassibu akaenda kuishusha ile picha ya ofisini. Mpiga picha akawapanga upya, Johari na somo yake, kisutu mabegani. Hajira naye akasogea pembeni yao, mkono kaunyoosha, sauti ndogo: "Bi Subira, dada yangu, yamekwisha?"

Subira akautazama ule mkono.

"Mguu umepona," akasema. "Wewe bado. Sogea, unaingia kwenye picha."