Vidole Vinne vya Mlango

Fundi Chokaa alikuwa na masikio mabaya kwa majirani. Kijiji chao cha nyumba za mawe kilikuwa na Chama cha Kuhifadhi Kijiji, na sheria kuu ya chama ilikuwa moja tu: ukuta unaotazama njia hauguswi. Kila mwaka kamati ilipita nyumba kwa nyumba, Fundi mbele na kifimbo chake, akigonga kuta. Chokaa ya kale hutoa sauti nzito, saruji hutoa sauti kavu. Akisikia kavu tu, mwenye nyumba kwisha habari yake.

Ndivyo alivyomkamata mshonaji wa nyumba ya pili, mama aliyekuwa akipoteza macho polepole, akapanua dirisha ili apate kuliona tundu la sindano. "Mama, ukuta wako una mafua?" Fundi alimwuliza mbele za watu, na watu wakacheka. Dirisha Fundi aliliziba kwa mkono wake mwenyewe, tena huku akipiga mluzi. Mshonaji akaacha cherehani mwaka uleule.

Lakini wahenga walishasema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kiharusi kikampiga mkewe Fundi. Miguu ikafa, mdomo ukabaki mzima, na mwanamke yule alikuwa na mdomo haswa! Maisha yake yote aliyaishi kibarazani: anayepita anataniwa, wanaogombana wanapatanishwa, muuza mboga anazomewa mpaka anaongeza fungu. Hospitali wakampa kiti cha magurudumu. Kufika nyumbani, kiti hakipiti mlangoni. Kilizidi kwa vidole vinne, na nyumba haikuwa na mlango mwingine.

Wiki ya kwanza majirani walijaa kumbeba. Ya pili wakaja wawili. Ya tatu kila mtu mgongo unamuuma. Watoto wao walikuwa mbali, na Fundi mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, mke ni mama wa mwili. Basi mama wa watu akabaki chumbani miezi mitano, anasikia watu wakicheka njiani asijue wanacheka nini. Aliomba kitu kimoja tu. "Nitoe nje, baba. Nife nikiwa nawaona watu."

Fundi akaandika ombi kwa chama. Sasa sikia balaa: mwenyekiti wa chama alikuwa mdogo wake yule mgonjwa, tumbo moja, na nyumba yenyewe waliachiwa na baba yao wote wawili. Mwenyekiti alilisoma ombi kikaoni, akavua miwani.

"Shemeji, mlango hauna kosa," alisema. "Kiti ndicho kipana. Tafuteni chembamba."

Kamati ikagonga meza kukubali. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Labda damu za wengine.

Mvua zilipoanza, Fundi akatundika turubai mbele ya nyumba, akasema anaziba nyufa. Ndani ya turubai alifanya kazi ambayo hajapata kuifanya maishani. Aliokota mawe ya ukuta uliobomoka makaburini, akachoma chokaa yake mwenyewe, akailaza siku nyingi kwenye maji kama walivyofanya babu zake. Mlango ulikuwa wa mbao mbili; kila ubao akauongezea vidole viwili vya mti wa kale. Rangi ya uzee akaitia kwa majivu na machicha ya chai. Turubai lilipoondoka, hata nzi asingejua ukuta umeguswa.

Kiti kikapita. Loh, ungemwona mama yule! Alilia, akacheka, akamtukana muuza mboga kwa furaha. Mdogo wake alipopita akamkuta kibarazani, Fundi aliwahi kujibu, "Tulikibadilisha kiti, shemeji, kama ulivyotushauri." Mwenyekiti akafurahi kusikilizwa. Wiki tatu zikaenda hivyo, na Fundi alikuwa mwanamume mwenye raha kuliko wote kijijini. Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi mno: kunyamaza.

Kamati ikaja na mgeni, mtaalamu wa nyumba za kale, mtu wa kunusa kuta kabla ya kuamkia wenyeji. Alisimama mbele ya mlango wa Fundi asibanduke. Akapapasa kona. Akagonga, sauti nzito.

"Hii ndiyo kazi," alisema. "Miaka mia mbili, na kona bado imenyooka. Mafundi wa leo wangejifunza hapa. Ule ukuta wa ukumbi wenu, kwa mfano, aliyeuziba ni mpishi wa uji, si fundi."

Ukumbi aliuziba Fundi Chokaa. Kila mtu alijua. Mwenyekiti akacheka kidogo, wengine wakafuata, kama walivyocheka siku ya mshonaji. Fundi masikio yakamwaka moto. Mkewe alimjua mumewe, akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti akamvuta shati.

"Nyamaza, baba," alinong'ona. "Nakuomba. Meza tu."

Hakumeza. "Mlango huo nimeujenga mimi!" Fundi alisema. "Mwezi uliopita!"

Bado alikuwa na pa kutokea. Mtaalamu alimpiga begani, akasema, "Mzee wetu mcheshi kweli." Angecheka naye, yangeisha. Lakini kutoaminika kulimuuma kuliko kutukanwa. Akaingia ndani mbio, akatoka na vipande vya mawe aliyoyatoa, akavibwaga miguuni mwa kamati. Akachukua kamba, akaupima mlango mbele yao, akawaambia wakaangalie kipimo cha zamani kwenye daftari la chama, alichokiandika kwa mkono wake. "Vidole vinne!" alipiga kelele. "Nani mpishi wa uji sasa?"

Mtaalamu alimpa mkono, akamwambia hajaona fundi kama yeye. Fundi akatabasamu, masikini, akageuka amwone mkewe. Mkewe alikuwa amefumba macho.

Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Shemeji, siku saba. Mlango urudi ulivyokuwa, na uurudishe mwenyewe. Usipotaka, nyumba ni ya baba, na mimi nina haki yangu humu." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Usinichukie, dada. Sheria ni msumeno."

"Msumeno hauendi wenyewe," dada yake alijibu. "Kuna mkono unaoushika."

Siku ya saba Fundi alichanganya chokaa. Alimwuliza mkewe kama angependa kukaa nje mpaka jiwe la mwisho, kisha atatafuta watu wa kumbeba. Mkewe akakataa. Hataki kubebwa tena na watu wanaougulia mgongo. Akaomba asukumwe ndani kungali kunapitika.

Fundi alijenga tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kwa aibu aliyokuwa nayo hakuinua uso kwa aliyempita. Kazi ilitoka nzuri sana, kona imenyooka vilevile. Alipomaliza alipenya ndani na mikono myeupe, akapiga magoti mbele ya kiti, akamwambia mkewe amsamehe, sifa zilimpanda kichwani.

"Mgeni alikusifu vizuri," mkewe alisema. "Nilimsikia."

Kisha akasema, "Nigeuze nitazame ukuta. Huo mlango sitaki kuuona."

Fundi akakigeuza kiti.