Siku Nyar Kisegi Aliponiita Mwanawe

"Mama yako ni yupi?"

Sharon aliniuliza hivyo Jumatatu asubuhi tukiwa kwenye foleni ya maji shuleni, na wasichana waliokuwa nyuma yake wakanyamaza ili wasikie jibu. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa wa kwanza darasani, na swali ambalo mtoto wa chekechea angelijibu kwa kunyoosha kidole tu likanishinda. Nilichota maji nikaondoka. Hadi leo, jirani yangu wa Nairobi akikaanga samaki jioni, harufu ile hunirudisha kwenye foleni ile, na uso wangu hupata joto kana kwamba Sharon bado anangoja.

Nyar Kisegi, yaani binti aliyetoka Kisegi, alikuwa mama mzee aliyekaanga samaki karibu na kivuko cha Mbita. Alikuja kuolewa mjini kwetu, mumewe akafa, na hakujaliwa mtoto. Aliuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishakwenda kiwandani, na aliikaanga mpaka ikalia kama biskuti mdomoni. Nilipotoka shuleni aliniita kwa jina ambalo halikuwa kwenye cheti changu cha kuzaliwa. "Awiti! Njoo hapa, nyathina." Mwanangu. Kisha alinifungia kipande kwenye gazeti, nami nikakila haraka kabla sijafika nyumbani, nikijipangusa mafuta kwenye soksi.

Nyumbani nilikuwa Mercy. Baba yangu, fundi wa sare za shule na mzee wa kanisa la Wasabato, hakutaka kulisikia jina lile lingine. Nilijua kwamba kwa Kidholuo ni jina la mtoto aliyetupwa, na nilipomwuliza kwa nini mimi niitwe hivyo, alisema ni mambo ya giza. Baba alikuwa na msemo wake: "Mila haijawahi kuponya malaria." Alinifundisha pia kwamba mtu akikuambia jambo, muulize nani kasema na amejuaje. Tabia yangu ya kuhoji kila kitu, ambayo imewachosha walimu wengi tangu wakati huo, niliipata kando ya cherehani yake.

Mwaka ule wafanyabiashara na makanisa walikubaliana kuwatuza watu wa mji. Sherehe iliwekwa Jumapili mchana, Wakatoliki wakishatoka misa, kwa kuwa Jumamosi sisi Wasabato tusingekuja. Mahema mawili yalikodishwa. Mgeni wa heshima alichelewa, kama ilivyo ada, na tukamngoja huku kwaya ikirudia nyimbo zake zote. Kulikuwa na tuzo ya duka safi, tuzo ya mwendesha bodaboda mwenye adabu (watu walicheka kabla hata jina halijatajwa) na mwisho kabisa tuzo ya mama wa mwaka. Akaitwa Nyar Kisegi.

Alipewa sufuria kubwa na chupa ya chai, na akakabidhiwa kipaza sauti. Badala ya kusema asante na kukaa, alijisifu kama Waluo wanavyojisifu penye ngoma, ila kwa Kiswahili ili mgeni asikose kitu. "Mimi binti wa Kisegi," alisema, "mwanamke ambaye moto wake haujawahi kulala njaa. Mimi ambaye paka wa Mbita yote wananiamkia shikamoo." Uwanja ukavunjika kwa kicheko na vigelegele. Hata mimi nilicheka.

Mfawidhi wa sherehe alikuwa ametoka Homa Bay mjini. Hakujua alichokuwa akiuliza. "Sasa mama, si utuitie watoto wako waje tupige picha? Tuzo kama hii si ya mtu mmoja."

Kicheko kikafa. Mama aliyekaa mbele yetu akasema polepole, "Ai, huyu kijana amemwua mzee wa watu." Nyar Kisegi alisimama na sufuria lake kifuani, akatazama mahema yote mawili. Kisha akanyoosha mkono.

"Mtoto wangu ni yule. Awiti. Yule amekaa hapo na sare ya bluu."

Vichwa vyote viligeuka. Nyuma yangu mwanamume mmoja akasema, si kwa sauti ya chini sana, "Si huyo ni wa fundi?" Mwenzake akajibu, "Kumbe fundi alikuwa na cherehani mbili." Wakacheka. Sikuelewa mzaha wote, lakini nilielewa kwamba ulikuwa unatuvua nguo sisi wote, mimi na mama na baba. Nikamtafuta Baba kwenye safu ya wazee wa kanisa. Nilitaka asimame aseme neno moja tu: huyu ni wangu na mke wangu, basi. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama, aliyekuwa kando yangu, akanisukuma mgongoni. "Enda, Mercy. Enda usimame na yeye."

Nikaenda. Uwanja ule haukuwahi kuwa mpana hivyo. Nyar Kisegi alinishika bega kwa mkono ulionuka mafuta na moshi, akanong'ona, "Erokamano," asante, kana kwamba nilikuwa nimempa kitu. Picha ile aliitundika kibandani pake miaka yote. Yeye anacheka. Mimi nimegeuza uso kuelekea kivukoni, kama mtu anayesubiri feri.

Jioni nilimwuliza Baba kwa nini Nyar Kisegi aliniita mwanawe. "Watu wakizeeka husema mengi," alisema. Nikamwuliza amejuaje. Mama akasonga ugali kwa nguvu zaidi kuliko ulivyohitaji.

Nyar Kisegi alifariki nikiwa chuo kikuu, wakati wa likizo. Kwenye mazishi, wanawake walisogea wakanipisha mbele kabisa, mahali pa mtoto wa marehemu. Safari hii sikugeuza uso, lakini swali la Sharon lilirudi, nami nikamfuata Mama jikoni huku Baba akipanga viti vya kukodi nje.

"Kabla yako walikuwa wawili," Mama alisema. "Hakuna aliyemaliza mwezi." Kwa hiyo mimi nilipozaliwa nililazwa njiani alfajiri kama mtoto asiye na wenyewe, ili kifo kikija kwetu kisinikute. Nyar Kisegi alipita akaniokota, akanipa jina, akakaa nami siku nzima kabla ya kunirudisha kama mtoto wake, ambaye sisi tumeazimwa tu.

Mimi siamini kwamba kifo hudanganyika. Naamini chandarua na chanjo, na nilimwambia Mama hivyo. Nikaongeza kwamba namhurumia Baba, aliyefichwa jambo kama hilo ndani ya nyumba yake na akachekwa bure mbele ya mji.



"Mimi nilikuwa sijaweza hata kusimama," Mama alisema. "Aliyekufunga kwenye kitambaa cha sare ya bluu, akakulaza njiani, akajibanza nyuma ya ua mpaka Nyar Kisegi apite, ni baba yako."